Mwanangu, bega limekaa, kiuno tutakipunguza

Mwanangu Baraka,

Marahaba, baba. Picha zako nimezipata na swali lako nimelisoma. Koti ulilonunua dukani kwa ajili ya harusi ya dada yako linakupwaya kiunoni, mikono inakufunika hadi kwenye vidole gumba, na nyuma chini ya kola kuna mkunjo uliolala. Unauliza ulipunguze mwenyewe kwa cherehani ya mama mwenye nyumba wako, au umuuzie mwenzako kazini ukatafute namba ndogo.

Usiliuze. Nimeikuza picha ya ubavuni nikatazama bega, na bega limekaa. Mshono unaishia pale mfupa wako unapoishia, na mkono unashuka wima bila kishimo pembeni. Hapo ndipo koti linaponunuliwa. Kiuno, mikono, hata urefu kidogo, hivyo vinarekebishika. Bega lina pedi, lina gamu (kile kitambaa cha kukaza kinachogandishwa kwa ndani), lina bitana, yaani kitambaa laini cha ndani, na kichwa cha mkono wa koti kimeingizwa kwa kukusanya kitambaa taratibu kiwandani. Kulipunguza bega ni kulibomoa koti. Ungechukua namba ndogo, kiuno kingekupendeza kwenye kioo cha dukani, halafu siku ya harusi usingeweza kuinua mikono kucheza.

Hiyo 50 uliyoiona kwenye kibandiko cha ndani ni namba ya Ulaya, nusu ya kifua kwa sentimita. Koti limekatwa kwa mtu mwenye kifua cha sentimita 100. Lingekuwa la vipimo vya Uingereza au Marekani lingeandikwa 40, hizo ni inchi, na mtu ni karibu yule yule. Sasa, wenye viwanda vingi hukadiria kwamba mwenye kifua hicho kiuno chake ni pungufu ya kifua kwa inchi 6 hivi. Wewe umemfuata baba yako, mabega mapana na kiuno cha mtu aliyeruka chakula cha mchana. Kwa hiyo koti halina kosa, ila lilishonewa mtu mwingine.

Kabla ya wembe, pima. Vaa shati lile lile utakalolivaa siku ya harusi, si fulana uliyopigia picha. Vaa na suruali na viatu, toa simu mfukoni, funga kifungo cha juu peke yake. Kisha mwombe mtu akubanie pini, maana mgongoni kwako hufiki, na ukijipinda kujitazama koti nalo linapinda. Mama mwenye nyumba akikubali, mpe yeye kazi hiyo. Simama kawaida. Usivute tumbo ndani, utakuja kulipumua ukumbini.

Nyuma una mishono mitatu ya kufanyia kazi: wa katikati ya mgongo, na miwili ya ubavuni inayounganisha mgongo na vile vipande vya pembeni. Koti lako lina mpasuo mmoja katikati, nimeuona. Mshono wa katikati ubanwe kidogo tu, palipo chembamba zaidi kiunoni, halafu upunguzwe taratibu hadi uishe juu usawa wa makwapa na chini kabla ya kufika mpasuo. Ukiubana hadi kwenye mpasuo, kingo zake zitaachana na kila ukitembea watu wataona suruali. Mishono ya ubavuni nayo ianze chini ya kwapa, izame kiunoni, irudi kwenye mstari wake wa zamani kwenye nyonga. Kwa njia hiyo pindo la chini hutaligusa.

Hesabu yake iangalie vizuri, maana hapa wengi huharibu. Ukishona sentimita moja ndani ya mshono wa zamani, koti linapungua mbili, kwa kuwa kitambaa ni pande mbili. Nikikadiria kwa macho, wewe unahitaji kupunguza kama sentimita 4 kiunoni. Usizitoe zote mahali pamoja. Toa 1 katikati na 1.5 kila ubavu, maana yake utashona milimita 5 ndani ya mshono wa mgongo na milimita 7 au 8 ndani ya kila mshono wa ubavuni. Ukizidisha sana ubavuni, mifuko itaanza kuhamia nyuma, na koti ambalo mifuko yake iko mgongoni hakuna tai itakayolificha.

Pini zikishakaa, tembea nazo kidogo. Kaa kwenye kiti ukiwa umefungua kifungo, simama, nyoosha mikono mbele. Kiganja kilicholala kipite kati ya shati na kifungo bila kulazimishwa. Ukiona mikunjo inatoka kwenye kifungo kwenda pande nne, umebana mno, legeza.

Halafu piga chaki pande zote mbili za kila pini, ndipo uzitoe. Chaki hufutika ukilishikashika koti, kwa hiyo fuata alama zake kwa bandi, yaani mishono ya mkono ya muda, za uzi wa rangi nyingine, ndefu ndefu, ili mstari uonekane na ndani pia.

Utauliza, ndani naingiaje na bitana imefungwa kila upande? Makoti mengi ya kiwandani yana mlango. Ugeuze mkono wa kushoto wa koti utazame bitana yake. Utaona mishono iliyofichwa kama kawaida, lakini mmoja, sehemu ya urefu wa kiganja na zaidi, umeshonwa kwa juu pembezoni kabisa, kitambaa kimebanwa kama upindo mwembamba. Usipouona kushoto, tazama kulia. Hapo ndipo waliposhindilia koti zima na kuligeuza walipomaliza kulishona, wakafunga kwa cherehani. Fumua huo mshono peke yake, ingiza mkono hadi ndani ya kifua, shika mgongo, uvute utoke nje. Koti zima litakufuata kupitia mkononi, na utaona lilivyojengwa: mishono iliyolazwa kwa pasi, gamu iliyogandishwa mbele, mifuko inaning'inia. Ukimaliza kazi utaligeuza tena kwa njia hiyo hiyo, ufunge ule mshono kwa juu kama ulivyoukuta. Hakuna atakayejua zaidi yako na mimi.

Mshono wa zamani usiufumue kwanza. Watu hukimbilia kufumua, kisha vipande viwili vinaachana na hawajui tena nini kilikutana na nini. Uache ushikilie. Kutanisha bandi za upande huu na za upande ule, choma pini, piga bandi, lijaribu tena mwilini, halafu ndipo ushone mstari mpya. Anzia juu ya mshono wa zamani kabisa, toka nje yake polepole, zama kiunoni, rudi juu yake polepole. Ukitoka ghafla patatokea ncha iliyochomoza, na pasi haiiondoi. Mstari mpya ukishashika, sasa fumua wa zamani katikati hapo, lalisha kingo pande mbili kwa pasi. Kitambaa kilichobaki usikikate. Mtu akioa hunenepa, na wewe zamu yako inakuja.

Tumia sindano namba 90, ile inayoandikwa pia 14, iwe mpya. Uzi wa poliesta, urefu wa mshono milimita 2.5. Cherehani ya watu huijui, kwa hiyo kwanza ijaribu kwenye kitambaa chakavu kilichokunjwa mara mbili, uone kama uzi wa bobini, ule wa chini, hautokezi juu.

Bitana ya mgongoni ina mkunjo mrefu katikati. Usiushone, uko pale ili upumue na kunyoosha mikono bila kuipasua. Kwa kipimo chako bitana unaweza kuiacha kabisa ilivyo. Ikikukera, ipunguze ubavuni, ila pungufu ya ulivyopunguza kitambaa cha nje. Bitana inayobana kuliko koti huvuta koti ndani, na nje utaona mawimbi usiyoyaelewa.

Mikono ni kazi nyepesi, na umebahatika: vile vifungo vya mkononi vimeshonwa juu tu kama pambo, tundu hazijakatwa. Zingekuwa tundu za kweli ningekuambia mpelekee fundi, kwa kuwa mkono ungelazimika kupunguzwa kutoka begani. Kila mkono upime peke yake, kwani ni watu wachache ambao mikono yao inalingana sawasawa. Ukiuachia mkono uning'inie, koti liishie kwenye mfupa wa kifundo na shati lichungulie sentimita moja au moja na nusu. Kabla ya kung'oa vifungo pima cha chini kiko umbali gani kutoka ukingoni, andika, utavirudisha kwa umbali ule ule. Fumua bitana pale ilipokutana na upindo, kunja kitambaa ndani kwa kipimo kipya, bakiza upindo wa sentimita 4, kunga kwa mkono kwa sindano ya kawaida. Bitana iishie juu kidogo ya ukingo, ikiwa na ulegevu wa kulala. Ukiivuta ikaze, mkono utajikunja kwa ndani kila ukiukunja.

Pasi sasa, na hapa nakuomba usinikimbie. Koti la bei hiyo, mbele yake limegandishwa kwa gamu ya moto, halikushonwa kwa mkono. Ukilimwagia maji na kulikandamiza pasi kali, gamu inaachia, unapata malengelenge kifuani ambayo hayarudi. Soma kibandiko. Kikisema poliesta nyingi, moto uwe wa kati. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu kati ya pasi na koti, bonyeza, inua, sogeza, bonyeza. Usiburute. Poliesta ikichomwa moja kwa moja inang'aa, na mng'ao huo utauona kwenye kila picha ya harusi. Mwanzo hadi mwisho, pasi fanyia upande wa ndani panapowezekana.

Kuhusu mkunjo wa chini ya kola, kwanza nina mashaka nao. Picha ile ya mgongo umejipiga mwenyewe kwenye kioo, mkono umeinuliwa na simu. Bega likipanda, koti lazima likusanyike shingoni. Mwambie mtu akupige ukiwa umeshusha mikono na umevaa shati lenye kola. Mkunjo ukiendelea kuwepo, basi mabega yako yako mraba zaidi ya walivyokadiria, na dawa yake ni kuing'oa kola, kupunguza kitambaa kilichozidi chini yake, na kuirudisha chini kidogo. Hiyo usiiguse. Kola ikirudi imepinda milimita tatu inaonekana kutoka mlangoni. Mpelekee fundi suti, si fundi wa kushona sare, na nenda ukiwa umelivaa. Akilipokea mkononi bila kukutazama mgongo, mshukuru uondoke nalo.

Jambo dogo, lakini nisipolisema nitaliona harusini: toa ule uzi wa msalaba unaofunga mpasuo nyuma, na kile kitambaa chenye jina la kampuni kilichoshonwa juu ya mkono. Vimewekwa vya dukani. Vijana wengi wanavivaa hivyo hivyo wakidhani ndiyo nembo, na mpasuo umefungwa unawakusanyikia makalioni wakikaa. Mifuko ya nje iliyofungwa kwa uzi unaweza kuifumua au kuiacha. Mimi ningekuachia imefungwa, maana nakujua: funguo, simu, chaja, na koti litakuwa limeinama upande mmoja kabla ya keki.

Anza na kiuno, kisha mikono. Mikono usiipime mapema, kwa sababu kiuno kikishabana koti hukaa vingine begani na urefu unabadilika kidogo. Nitumie picha za pini kabla hujapiga bandi, moja ya mbele, moja ya ubavuni, moja ya mgongoni, na mpiga picha asiwe wewe. Fundi wa kola akikutajia bei, nipigie kabla hujakubali.

Baba yako anakusalimu, anataka kujua suruali yake uliyoondoka nayo itarudi lini.

Mama yako