Mkono mmoja, wagonjwa watatu: kwa mnaoanza utafiti wa tiba kwa vitendo

Wadogo zangu, nimetoka kusoma rundo jingine la mapendekezo yenu ya utafiti wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa shughuli zake za kila siku), nikaona bora niandike hapa mara moja kuliko kurudia maneno yale yale pembeni mwa kila ukurasa. Mengi yana sura moja. Wagonjwa wa kiharusi, wa jeraha la uti wa mgongo, wa majeraha ya moto na wakati mwingine hata watoto wenye mtindio wa ubongo wametiwa kapu moja. Wanapimwa kwa Barthel, kipimo cha uwezo wa kujihudumia, siku ya kuingia na siku ya kutoka, unatolewa wastani, kisha inatafutwa p iliyo chini ya 0.05, ile namba ya kitakwimu ya kudai kwamba tofauti si ya bahati tu. Mkiulizwa kwa nini mmewachanganya, mnajibu kwamba wagonjwa wa aina moja hawatoshi sampuli. Shida hiyo naijua na wala si ndogo. Ila hiyo mliyoipata si dawa yake, na waliowatangulia walishaumia nayo.

1. Kabla ya kufungua jedwali, shika mkono wa mgonjwa.

Mgonjwa wa kiharusi ambaye misuli yake imeanza kukaza hukunja vidole mpaka kucha zinachoma kiganja, na kumwosha ndani ya kiganja kunakuwa kazi. Tulichofundishwa wengi wetu ni kumfungua: kifundo cha mkono kinanyanyuliwa, vidole vinanyooshwa, vyote kwa pamoja. Aliyeungua nyuma ya kiganja ana mambo mengine. Kovu linavuta mizizi ya vidole kurudi nyuma huku ncha zikijikunja, kwa hiyo banzi lake (kifaa kigumu cha kuushikilia mkono) hukunja maungio ya mizizi ya vidole kati ya nyuzi 70 na 90, vidole vyenyewe vikanyooka, na kifundo kikanyanyuliwa nyuzi 20 hadi 30 hivi. Aliyevunjika shingo akabakiwa na nguvu za C6, yaani za neva ya sita ya shingo, naye ana yake. Vidole vyake havipokei amri, lakini kifundo anaweza kukinyanyua. Akikinyanyua, kano za kukunja vidole zinavutika na vidole vinafumba vyenyewe, akikishusha, vinafumbuka. Hiyo ndiyo tenodesisi, na ndiyo itakayomshikisha kijiko, mswaki na katheta yake.

Sasa mnyooshe huyu wa tatu kama unavyomnyoosha wa kwanza, kifundo juu na vidole wazi, kila siku, kwa bidii. Kano zitarefuka, na utakuwa umemwachia mkono laini usioshika kitu.

Nalijua hilo kwa sababu nilimfanyia mtu. Wodi niliyoanzia ilijaa wagonjwa wa kiharusi na mikono yangu ilikuwa imezoea kazi moja. Akaletwa kijana wa C6. Nikamnyoosha kama wenzake asubuhi na jioni, nikamfundisha na mama yake ili aendelee saa ambazo sipo. Mama yule alikuwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha baadaye. Aliuliza aweke wapi kidole gumba, ashikilie kwa muda gani, asimame upande gani wa kitanda. Vidole vya mwanawe vikabaki laini, nami nikafurahi. Kwenye faili niliandika kwamba mwendo wa viungo ni kamili na hakuna kilichokakamaa, msimamizi akasaini.

Wiki kadhaa zikapita, ndipo mtaalamu mmoja mkubwa kwangu akaja kumpima mshiko. Alimwomba anyanyue kifundo, na kijana akakinyanyua vizuri kabisa. Vidole vikabaki wazi. Akamwekea penseli kati ya gumba na kidole cha shahada. Ikaanguka kwenye shuka. Akaiweka tena, akamwomba ajaribu polepole, ikaanguka tena. Mbele ya mgonjwa hakusema neno. Nje ya mlango akaniuliza, "Nani amekuwa akimnyoosha?" Nikamwambia ni mimi.

Kazi ngumu ikawa kumwambia mama aache. Aliniuliza kama kuna siku yeye alikosea. Nikamjibu kwamba hakukosea hata siku moja, bali mimi ndiye niliyemwonyesha vibaya. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza afanye nini kuanzia siku ile, na swali lile liliniuma kuliko kama angenigombeza. Tuliacha kunyoosha. Tukamwekea banzi lililoviacha vidole vikiwa vimekunjika, kifundo kimenyanyuliwa, tukisubiri kano zijifupishe. Mshiko ulirudi kiasi, lakini si ule ambao angekuwa nao. Kijiko aliishia kukifunga kwenye mkanda wa kiganja.

Turudi kwenye utafiti wenu. Faili la kijana yule lilionyesha mafanikio matupu. Mtu angekuja wodini kukusanya takwimu za mwendo wa viungo, angemwingiza kwenye safu ya waliofaulu kabisa, pamoja na wagonjwa wa kiharusi ambao kwao vidole laini ni habari njema kweli. Namba ile ile, kwa mmoja ni nafuu na kwa mwingine ni hasara. Mkichanganya makundi bila kufikiri, hicho ndicho mnachokijumlisha.

Na hata kwa kiharusi chenyewe mazoea yetu yametangulia ushahidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwagawa kwa kura watu wazima 63 wenye kiharusi, baadhi wakavaa banzi la mkono usiku kwa wiki 4. Banzi halikuzuia kifundo kukakamaa. Mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, kuhusu kunyoosha nayo yalikuta kwamba kwa wenye matatizo ya mishipa ya fahamu, kunyoosha kwa chini ya miezi 7 hakuleti mabadiliko ya maana kwenye mwendo wa kiungo. Someni kwanza, ndipo muandike kwamba "mbinu hii inajulikana kusaidia".

2. Chagua kipimo kinachoweza kuona ulichotibu.

Barthel ilichapishwa mwaka 1965. Ina vipengele 10 na alama 0 hadi 100, na inauliza mambo ya msingi: kula, kuvaa, choo, kuhama kitandani, ngazi. Kwa mgonjwa wa kiharusi wa wiki ya kwanza inafanya kazi vizuri. Mpime nayo fundi cherehani aliyeungua mkono mmoja. Anakula, anavaa, anapanda ngazi. Ana 100 siku ya kuingia na 100 siku ya kutoka. Katikati hapo alikuja hawezi kushika sindano, akaondoka anatunga uzi mwenyewe, na jedwali lako linasema hakuna kilichobadilika. FIM, kipimo kingine cha kujihudumia chenye vipengele 18, kutoka alama 18 hadi 126, haitakuokoa hapo, maana nayo haiulizi sindano. COPM, kipimo cha mahojiano, ingemuuliza yeye mwenyewe shughuli zilizo muhimu kwake, azipe alama 1 hadi 10 kwa anavyozitenda, na 1 hadi 10 kwa anavyoridhika. Inachukua muda na inataka mtu anayejua kusikiliza. Mnaikwepa kwa sababu hiyo, na mimi sikubali sababu hiyo.

3. Andika dozi.

"Wagonjwa walipewa tiba kwa vitendo" si maelezo ya tiba. Nani alitoa, wapi, mara ngapi, dakika ngapi, walifanya nini hasa? Orodha ya TIDieR ya mwaka 2014, ya namna ya kueleza tiba kwenye ripoti ya utafiti, ina vipengele 12 vya kuwaongoza, ibandikeni ukutani.

Mfano ninaowapa wanafunzi wote ni wa Parkinson. Nchini Uingereza, jaribio la PD REHAB lilihusisha wagonjwa 762 na matokeo yake yalitoka mwaka 2016: fiziotherapia pamoja na tiba kwa vitendo havikuongeza lolote kwenye shughuli za kila siku. Nchini Uholanzi, jaribio la OTiP la mwaka 2014, lenye wagonjwa 191, lilikuta nafuu. Mwanafunzi mmoja alinijia amekata tamaa kabisa, ananiuliza aamini lipi. Nikamwambia arudi kwenye sehemu ya mbinu. La Uingereza, mgonjwa wa kawaida alionwa mara 4, karibu saa moja kila mara, na kipimo kikuu kilikuwa orodha moja ya shughuli kwa wote. La Uholanzi, mtaalamu alikwenda nyumbani kwa mgonjwa katika wiki 10, akiwa na nafasi ya kufika saa 16, wakafanyia kazi shughuli alizozichagua mgonjwa, na kipimo kilikuwa COPM. Ugonjwa mmoja, jina la tiba moja, lakini kilichofanyika ni vitu viwili. Alirudi jioni ana maswali mazuri kuliko yangu: je, aliyechagua malengo yake na anajua amepata tiba hatajipa alama za juu? Ndiyo, hatari hiyo ipo, na ndiyo maana tunabishana. Kijana huyo nilimpenda kuanzia siku ile.

4. Usiupe utafiti mdogo kazi ya utafiti mkubwa.

Tiba kwa vitendo kwa waliopata kiharusi wanaoishi kwenye makao ya wazee ilionekana kuleta matumaini katika utafiti wa awali wa makao 12. Likaja jaribio kubwa, makao 228 na wakazi 1,042, matokeo yakatoka mwaka 2015: hakuna tofauti. Wakazi wengi walikuwa na ulemavu mkubwa, wengi na kumbukumbu imedhoofika. Waliofanya kazi ile hawakuaibika, na nyinyi msiogope kuandika "hakuna tofauti". Kinachonikera ni pendekezo la wagonjwa wachache linaloahidi "kuthibitisha".

5. Haya ni mafupi, na ni ya lazima.

Kwa kiharusi, andika siku tangu kilipotokea, maana wiki za mwanzo mgonjwa hupata nafuu hata bila wewe, na kupima kabla na baada bila kundi la kulinganisha kutakupa sifa isiyo yako. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, taja ngazi ya GMFCS (uwezo wa kutembea na kujisogeza) na ya MACS (uwezo wa kutumia mikono), kila moja ina ngazi 5. Bila hizo sijui unamzungumzia mtoto yupi. Kwa uti wa mgongo, taja ngazi ya jeraha na herufi ya ASIA, A hadi E, inayoonyesha ukubwa wa jeraha. Kwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, usiseme wamekataa ridhaa kabla hujajua kama wameelewa karatasi ya ridhaa. Anayepima matokeo asiwe yule aliyetibu. Na msidhani kuongeza tiba ni heri daima: jaribio la AVERT la mwaka 2015, wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi 5, lilikuta kwamba kati ya walioinuliwa kitandani mapema sana na kwa wingi, asilimia 46 walipata matokeo mazuri, na kati ya waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50.

6. Sampuli haitoshi, tufanyeje?

Kundi moja, swali moja. Ukiwa na wagonjwa wachache wa C6, wapime mmoja mmoja mara nyingi: kabla ya kuanza tiba, wakati wa tiba, na baada ya kuacha, ukianza tiba kwa kila mmoja wakati tofauti. Ni usanifu halali wenye kanuni zake, na kwa wagonjwa adimu unafundisha zaidi ya wastani wa mchanganyiko. Au ungana na wenzako wa vituo vingine, mkubaliane kipimo kimoja kabla hamjaanza kukusanya. Ukilazimika kuchanganya makundi, basi malengo ya kila mgonjwa yaandikwe kabla ya tiba, na matokeo ya kila kundi yatolewe peke yake hata kama ni watu wanne.

Mnaonitumia rasimu mpya wiki hii, ongezeni safu moja kwenye fomu ya kukusanyia data, kabla ya safu ya Barthel: mgonjwa mwenyewe anataka kufanya nini kwa mkono huo. Jibu liandikwe kwa maneno yake. Rasimu isiyo na safu hiyo nitairudisha bila kuisoma.