Kwa mnaoanza kazi za kuunganisha mifumo: someni mkataba pale mifumo inapokutana

Nyie mlioingia juzi juzi kwenye vitengo vya TEHAMA, kuna siku mtaletewa rasimu ya mkataba muipitie upande wa kiufundi, na humo ndani mtakuta sentensi kama "mkandarasi ataunganisha mfumo huu na mifumo mingine ya mteja". Msiipitishe hiyo. Haisemi kitu gani kinatoka wapi kinaenda wapi, kimekaaje, na kikikwama katikati nani anaamshwa usiku. Mwanasheria kwake imekaa sawa tu wala humlaumu, kazi ya kuikataa ni yako wewe unayezijua hizo seva.

Chukua malipo ya simu. Kwa wanaotumia Daraja, yaani mlango wa Safaricom kule Kenya wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, unatuma ombi la STK push, lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke namba ya siri, unajibiwa papo hapo kwamba ombi limepokelewa na unapewa CheckoutRequestID, namba ya kulifuatilia ombi hilo, lakini hapo hujalipwa bado. Jibu lenyewe linakuja baadaye kwenye anwani ya seva uliyowapa, ResultCode ikiwa 0 mteja kalipa, ikiwa 1032 kaghairi mwenyewe. Ila kuna hali ya tatu, jibu halijaja kabisa, na hiyo ndio inavunja urafiki wa watu, maana mteja anasema nimekatwa na meseji ninayo, skrini yenu inaonyesha hajalipa, mkandarasi anasema upande wetu uko safi. Sasa mkataba useme: baada ya sekunde ngapi bila jibu mfumo unaulizia wenyewe hali ya muamala, unaulizia mara ngapi, ombi likirudiwa kwa kumbukumbu namba ile ile mteja asikatwe mara mbili, na kila siku saa ngapi pande zote zinalinganisha hesabu. Alafu useme hesabu zikigoma kulingana, logi ya nani, yaani kumbukumbu za mfumo wa nani, ndio inafuatwa. Hiki cha mwisho watu wanakiruka kwasababu kwenye kikao kila mtu bado anacheka, lakini mkishafika kwenye kulaumiana hakuna atakayekubali logi ya mwenzake.

Kingine vipimo, na hapa nawaomba muwe wabishi kweli kweli. Kwenye ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha alama za sarafu, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zimewekewa tarakimu mbili za senti, ya Uganda haina, faranga ya Rwanda na ya Burundi nazo hazina. Kwahiyo mtoa huduma anayepokea kiasi kwa senti akiletewa 150000 ya shilingi za Tanzania anasoma 1,500, na 150000 hiyo hiyo ikiwa shilingi za Uganda anasoma 150,000, na wala hakuna kosa litakalojitokeza kwenye skrini, hela inapita tu. Saa vilevile, seva ikifunga siku saa sita usiku kwa UTC, saa ya kimataifa, huku kwetu ni saa tisa usiku, basi miamala ya masaa matatu inahamia ripoti nyingine na mhasibu anakesha anatafuta hela ambayo haijapotea.

NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter Septemba 1999 kwa jambo la namna hii hii. Programu ya mkandarasi, Lockheed Martin, ilitoa namba za msukumo kwa paundi-sekunde, wanaoongoza safari wakazisoma kama newton-sekunde, tofauti yake mara 4.45. Kinachoniuma mimi ni kwamba hati ya maunganisho, inayoeleza data zinavyopita kati ya mifumo, ilikuwepo na ilitaka vipimo vya metriki. Karatasi ilikuwa sahihi, ila faili lililokuwa linatumwa halikufuata karatasi na hilo halikukamatwa mapema. Ndio maana nasema kiambatisho kizuri cha kiufundi kwenye mkataba peke yake hakitoshi, weka kipengele kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka ujumbe halisi upimwe dhidi ya kiambatisho, ukiwemo ujumbe mliouharibu makusudi, yaani namba ya simu inayoanza 07 badala ya 255, jina linaloanza na Ng' na ile alama yake, kiasi kilichoachwa wazi, ombi lile lile mara mbili ndani ya sekunde moja.

Kwenye upatikanaji wa huduma wengi wanabishania asilimia. Ni sawa, 99.9 kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 na kidogo za kuwa chini, 99 ni masaa saba na dakika 12, tofauti kubwa. Lakini uliza kwanza inapimwa wapi. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya, na seva iliyokuwa Ulaya yenyewe ilikuwa hai muda wote. Kama kipimo kiko mlangoni kwa mtoa huduma basi katimiza mkataba wake na wewe huna huduma, kwahiyo andika njia ya katikati ni ya nani na kama kuna laini ya pili.

Haya yote yakae kwenye kiambatisho chenye namba ya toleo, mwili wa mkataba ukitaje kwa hiyo namba na useme vikipingana kipi kinashinda. Mtoa huduma akitaka kubadilisha hata jina la fildi moja, atoe taarifa ya maandishi, mimi huwa naomba siku 90, na toleo la zamani liendelee kufanya kazi muda huo wote. Atakwambia ni kitu kidogo cha dakika tano, na kwake ni kweli. Kwako wewe fildi ya namba ya simu iliyoitwa msisdn ikigeuka phone Ijumaa jioni malipo yote ya wikiendi yanarudi matupu. Na kabla tarehe za kukabidhi kazi hazijaandikwa, omba mfano mmoja wa ombi na majibu yake kutoka mazingira yao ya majaribio, wakupe faili lenyewe sio slaidi, wakishindwa kukupa usikubali tarehe yoyote.