Mshipa, Sonona na Degedege: Maswali ya Wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimehusu kichwa na kinachoendelea ndani yake. Nimechagua saba. Ninachojibu mimi ni maneno. Dawa mwulize daktari wako.

Daktari alimwambia babu yangu kuwa kiunoni "mshipa umebanwa". Babu alikasirika, akasema yeye hana mshipa na hajawahi kuwa nao. Kwani kuna nini? (Pangani)

Babu yako amekisikia Kiswahili cha kwao. Pwani, mtu "mwenye mshipa" ni mwenye ngiri au busha, na hilo halitangazwi mbele ya wajukuu. Neno lenyewe tumelitwisha mizigo mingi mno. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Mtu akiamka shingo imekakamaa, naye atakwambia mishipa imekaza, kumbe ni misuli. Ndiyo maana vitabu vikaongeza neno la pili, mishipa ya fahamu, na wengine wakachukua neva moja kwa moja. Kwenye maandishi napenda mishipa ya fahamu, lakini kliniki ningesema neva, maana sijaona babu aliyeona haya kwa sababu ya neva. Au daktari angeacha majina kabisa akauliza: mguu unakufa ganzi? Unahisi kama sisimizi wanatembea kwenye unyayo? Hapo babu angejibu bila kugombana.

Kadi ya mke wangu imeandikwa UTI. Mtoto wa jirani alifariki kwa uti wa mgongo, kwa hiyo hatujalala. (Chalinze)

Laleni. Hizo ni herufi tatu za Kiingereza, husomwa yu-ti-ai, na maana yake ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mkeo amalize dawa alizopewa.

Mnaoogopa ni homa ya uti wa mgongo: utando unaofunika ubongo na uti umevimba. Mgonjwa ana homa, kichwa kinamuuma sana, mwanga unamkera, shingo ni ngumu hata kidevu hakigusi kifua. Huyo si wa kusubiri asubuhi. Lawama kidogo ni yetu wenyewe, kwa sababu "uti wa mgongo" tunaita pingili za mifupa na pia kamba ya neva inayopita ndani yake. Wapo wanaoiita kamba hiyo ugwe wa mgongo. Mimi nawaunga mkono.

Mwanangu alishikwa na degedege. Bibi yake amekataza asichomwe sindano, eti atakufa. (Bagamoyo)

Jina lenyewe lina ndege ndani yake. Wazee husema kuna dege hupita usiku juu ya mtoto, na hapo mtoto huanza kukakamaa na kurusha mikono. Ugonjwa ukishaitwa hivyo unakuwa shughuli ya fundi, yaani mganga wa kienyeji, si ya nesi. Watafiti waliofanya kazi huko huko Bagamoyo miaka ya 1990 waliona kuwa homa ya kawaida wazazi walikuwa wakiipeleka zahanati, lakini ikigeuka degedege wengi walibadili njia. Kumbe mara nyingi ni homa ile ile imepanda, au malaria imefika kwenye ubongo.

Kuhusu sindano, nadhani najua hofu ilikotoka. Mtoto akifikishwa hospitali siku ya tatu, amechoka kabisa, sindano ndiyo jambo la mwisho watu wanaloliona akifanyiwa. Akifariki, inalaumiwa sindano.

Mtoto akianza kutetemeka mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, tazama saa. Dakika 5 zikipita bila kukoma, ni dharura. Hata akinyamaza mapema, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Na bibi usibishane naye habari za ndege. Mwombe akusindikize.

Kwa hiyo degedege na kifafa ni kitu kimoja? (Ifakara)

Hapana. Degedege tunalitumia kwa mtoto mdogo, na kwa kawaida kuna homa. Kifafa hurudi tena na tena bila homa, kwa mkubwa na mdogo. Wewe uko karibu na Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Alikuta watu wakiogopa kumgusa mgonjwa aliyeanguka, wakiamini mate yake yanaambukiza, hata kama ameangukia motoni. Mate ya kifafa hayaambukizi. Mvute atoke motoni.

Mama kaandikiwa kiharusi, majirani wanasema kapooza. Nani yuko sahihi? (Mombasa)

Wote. Kiharusi ni tukio lenyewe: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Kupooza ni alama iliyobaki, kiungo kimekosa nguvu. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakikorogeka, kimbia hospitali. Habari za "upepo mbaya" mtazizungumza baadaye, na presha ipimwe kwa wote nyumbani.

Daktari kaniandikia "sonona". Mtandaoni naona unyogovu, mfadhaiko, msongo. Dada yangu anasema ni mawazo tu. Nina ugonjwa gani? (Morogoro)

Pole, ndugu yangu. Ugonjwa ni mmoja, majina ndiyo mengi, ila msongo ni jambo jingine, nitaufikia. Sonona limetoka kwenye kusonona, kuumia moyoni. Kusononeka na masononeko ni watoto wa tumbo moja nalo. Tanzania limeshika mizizi. Kenya utakutana zaidi na unyogovu au mfadhaiko. Unyogovu mimi siupendi: masikioni mwangu unanukia ulegevu na uvivu, na mgonjwa wa sonona anajilaumu vya kutosha tayari.

Neno la dada yako nalo lina uzito kuliko anavyodhani. Kwetu "mwenye mawazo" si mtu wa fikra nyingi, ni mtu wa mzigo. Unamkuta ameshika tama, chai imepoa, nzi anatembea ukingoni mwa kikombe, unasema "ana mawazo" na hakuna anayeuliza zaidi. Hayo ni jirani wa msongo. Msongo ni wa kusonga, kule kule kwa kusonga ugali: unabanwa na kukandamizwa. Mara nyingi msongo una sababu unayoweza kuitaja, ada, kodi ya nyumba, mgonjwa ndani. Sababu ikiondoka, kifua hufunguka. Sonona yaweza kuanzia hapo hapo, kisha ada ikalipwa nayo isiondoke.

Kliniki nyingi hutumia dodoso la maswali 9, lipo kwa Kiswahili, na linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita. La kwanza haliulizi machozi. Linauliza kama umepoteza hamu ya kufanya mambo. Yanafuata mengine, yakiwemo usingizi, uchovu na chakula, na la mwisho ni kama umewaza kufa au kujidhuru. Ukijibu ndiyo hapo, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu leo hii, mtu wa kukaa nawe.

Nimekaa kwenye mabenchi ya wagonjwa miaka mingi na sijasikia mtu akisema "nimekuja, nina sonona". Wanasema mwili wote unauma, moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto. Wanapimwa malaria, hakuna kitu, wanarudi nyumbani na panadoli. Daktari wako amekwenda mbali zaidi ya hapo. Mrudie.

Mume wangu hutawadha mara 10 kabla ya swala moja, ngozi ya mikono imeanza kupasuka. Shehe anasema ni wasiwasi, daktari anasema ni ugonjwa. (Tanga)

Wanasema jambo moja. Wasiwasi wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani na wasiwasi wa mumeo ni neno moja, lakini si hali moja. Huu wake ndio wa maana ya kale, mnong'ono usiokoma: umeacha kisigino kikavu, anza upya. Anajua kisigino kimelowa, na bado hawezi kuondoka bombani. Madaktari wanaufahamu vizuri. Una tiba ya mazungumzo na una dawa. Shehe naye amsaidie kwa kumpa idadi na kumzuia kurudia. Wewe usimwambie "umetawadha vizuri" kila anapouliza, ingawa ni vigumu kunyamaza, kwa sababu jibu lako humtuliza dakika chache tu kisha anauliza tena. Na mafuta ya nazi mikononi, usiku, wakati mnasubiri siku ya kliniki.