Mutt, Pooch, Doggo: Mbwa Yuleyule, Majina Tofauti

SWALI: Nimempeleka mbwa wangu kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kwenye kadi, sehemu ya aina, wameandika "mongrel". Mwanangu kaangalia kwenye simu, anasema ni tusi. Nirudi nikalalamike?
Mama wa Buswelu

JIBU: Usirudi, mama. Kwenye kadi neno hilo lina maana ya mbwa wa damu mchanganyiko, yaani koko wetu wa kila siku. Lilianza kutumika karne ya 15, na mzizi wake ni neno la kale la kuchanganya, lililomo pia ndani ya "among" na "mingle". Mwanao naye hajakosea sana: ile "-rel" ya mwishoni inabeba dharau, na binadamu akiitwa hivyo ametukanwa kweli. Hutamkwa "mangrel", si "mongrel" kama lilivyoandikwa, ingawa Wamarekani wengi huitamka hiyo "o".

Lililo muhimu kwenye kadi ni kwamba nafasi ya aina isiachwe wazi. Kadi isiyotaja aina, rangi na jinsia haionyeshi ni mbwa yupi aliyechanjwa, na siku akimng'ata mtoto wa jirani ndipo utakapoihitaji. Neno "cross", yaani chotara, liandikwe pale tu uzao unapojulikana, mfano "German Shepherd cross". Kama baba ni mbwa yeyote aliyeruka ukuta usiku, "mongrel" ni sahihi. Ukiliona kali, omba waandike "mixed breed". Na muuzaji akikuambia kitoto chake ni "cross", mwambie akuonyeshe mama wa kitoto hicho kwanza.

SWALI: Nahudumu hotelini. Mgeni alinionyesha picha ya mbwa wake akasema "my old mutt". Mwingine akasema "pooch". Nami niwajibu kwa maneno hayohayo?
Mhudumu, Capri Point

JIBU: "Pooch" ndiyo. "Mutt" mwachie mwenye mbwa.

"Mutt" ni kifupi cha "muttonhead", mtu mwenye kichwa cha kondoo, yaani mjinga. Wamarekani walianza kulifupisha hivyo kwenye miaka ya 1900, kwanza kwa watu, kisha likahamia kwa mbwa wasio na ukoo. Mgeni akilitumia kwa mbwa wake anambembeleza. Ukilitumia wewe, umemwambia mbwa wake hana thamani. "Pooch" nalo ni la Marekani, lilienea miaka ya 1920. Halina sumu, na hata mbwa wa ukoo safi huitwa hivyo. Refusha "u": "puuch". Ukisitasita, "your dog" haijawahi kumkera mtu.

"Cur" usiliguse kabisa. Ni la kale, la mbwa mkali asiyetakiwa na mtu, na inaelekea lilitokana na mlio wa kunguruma. Mwenye mbwa hatalipenda hata kwa utani.

SWALI: "Doggo" na "lie doggo" ni kitu kimoja?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Hapana. "Doggo" ya mitandaoni ni mbwa wa kupendeza, imefuata mtindo wa Waaustralia wa kubandika "-o" kwenye kila neno. "Lie doggo" ni ya zamani zaidi, tangu karne ya 19: kujificha kimya, kutojitikisa. Ukiikuta kwenye mtihani wa ufahamu, usimtafute mbwa.

SWALI: Nauza mbwa jike wa German Shepherd. Rafiki kanishauri niandike "bitch" kwenye tangazo. Si matusi?
Mfugaji, Igoma

JIBU: Kwa wafugaji ni neno rasmi la jike, dume kwao ndiye "dog", na kitoto ni "puppy", neno lililotoka kwenye Kifaransa cha mwanasesere. Tangazo likienda kwa wafugaji wenzako, andika "German Shepherd bitch", kisha umri na tarehe ya chanjo. Likienda kwenye kundi la WhatsApp la mtaa andika "female", au jike tu, maana humo hawatauliza bei, watacheka.