UCLA ya 1964: wafupi waliowakimbiza warefu

SWALI: Bwana Mhariri, timu yetu ya kikapu ya chuo, hapa Tudor, haina mrefu hata mmoja. Nasikia UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani 1964 hivyo hivyo. Ilifanyaje? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Kweli, hakuna mchezaji wake wa kuanza aliyezidi futi 6 na inchi 5, na ilishinda mechi zote 30. Kocha John Wooden aliwakabisha uwanja mzima, kwa mpangilio wa 2-2-1. Wakishafunga tu, Goodrich na Slaughter mbele, Hazzard na Hirsch katikati, Erickson nyuma peke yake. Shabaha si kupokonya mpira palepale, na hapo ndipo wengi hukosea. Mwachieni mwenye mpira adundishe kando ya mstari wa pembeni, kisha wawili wambane. Atarusha pasi ya juu, ya haraka, na hiyo ndiyo ya kunaswa. Wa katikati akitoka mapema, anaacha tundu, basi mmefungwa.

Fainali, wapinzani wao Duke walikuwa na wawili wa futi 6 na inchi 10. UCLA wakafunga pointi 16 mfululizo, wakashinda 98-83.

Nyinyi mna nafuu: wapinzani wenu wana sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja, wale wa UCLA walikuwa na 10. Ila kwa joto la Mombasa, badilisheni wachezaji mara kwa mara.