Vitabu "vilivyofichwa": nivisome au nivifute?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Morogoro. Juzi mtoto mmoja darasani alisimulia kwamba Yesu alipokuwa mdogo alifinyanga ndege wa udongo, wakaruka. Aliyasikia kwa rafiki yake Mwislamu. Nikamwambia hayamo katika Biblia. Nilipomweleza shemeji yangu, alinitumia kwenye WhatsApp kitabu kizima chenye hadithi hiyo, pamoja na Injili ya Tomaso na Kitabu cha Henoko. Akaongeza ujumbe wa sauti unaosema Kaisari Konstantino ndiye aliyevificha vitabu hivi kule Nikea ili tusijue ukweli. Henoko ndiye aliyenitikisa zaidi, maana Waraka wa Yuda unamtaja. Je, nivisome? Nivifute? Na yule mtoto nimjibu nini? — Mama Eliya, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na mtoto, maana Jumapili haiko mbali.

Rafiki yake hakumdanganya. Habari ya ndege wa udongo imo katika Kurani, Sura ya Al Imran aya ya 49 na Sura ya Al-Maida aya ya 110. Kabla ya hapo ilikuwa inasimuliwa na Wakristo, katika kitabu kiitwacho Injili ya Utoto ya Tomaso, ambacho asili yake ni karne ya 2. Basi usimkemee mtoto, wala usimseme vibaya rafiki yake. Mwambie ni hadithi ya zamani sana, watu wa dini mbili wameisimulia, ila Mathayo, Marko, Luka na Yohana hawana habari hiyo.

Wewe mwenyewe, lakini, fungua hicho kitabu usome yanayofuata baada ya ndege kuruka. Wanaotuma hadithi hii kwenye simu huishia pale panapopendeza. Yesu ana miaka 5. Mvua imenyesha, anacheza kwenye kijito, amekusanya maji katika vidimbwi na kufinyanga shomoro 12, na siku hiyo ni Sabato. Anashtakiwa kwa Yusufu. Anapiga makofi, shomoro wanaruka na kwenda zao wakilia. Kisha mtoto wa mwandishi mmoja anachukua tawi na kuyatawanya yale maji. Yesu anamlaani, na mtoto yule anakauka mwili mzima. Baada ya hapo mtoto mwingine anapita mbio kijijini na kumgonga begani. Yesu anamwambia hatafika aendako. Mtoto anaanguka na kufa. Watu wanaomshtaki kwa Yusufu wanapofuka macho.

Mbele kidogo anawaponya walioangukia laana yake, ni kweli. Lakini mimi nikiusoma ukurasa ule naumia. Huyu siye aliyesema waacheni watoto wadogo waje kwangu. Luka ametuachia tukio moja tu la utoto wake baada ya siku zile za Bethlehemu na kuwekwa wakfu hekaluni: ana miaka 12, ameketi hekaluni kati ya waalimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali, kisha anarudi Nazareti na kuwatii wazazi wake. Tena Yohana 2:11 inasema wazi kwamba ile divai ya Kana ya Galilaya ndiyo mwanzo wa ishara zake. Ukimwamini Yohana, huna pa kuwaweka shomoro wale.

Sasa Konstantino. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifanyika mwaka 325. Tamko lake la imani tunalo, na kanuni zake 20 tunazo. Maaskofu walijadili mafundisho ya Ario, padre aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa, walijadili tarehe ya Pasaka, na mambo ya nidhamu ya mapadre na maaskofu. Katika kanuni hizo 20 hakuna orodha ya vitabu vya Biblia, wala amri ya kuficha kitabu chochote. Zaidi ya miaka 140 kabla ya Nikea, wakati Wakristo hawana kaisari wa kuwatetea, Irenayo, askofu wa Lyon, alikwisha kuandika kwamba Injili ni nne. Na huyo huyo Irenayo aliitaja Injili ya Yuda (Yuda Iskarioti, si yule wa Waraka) kwa jina na kueleza wanaoitumia ni watu gani. Ilipochapishwa mwaka 2006, dunia nzima ikashtuka kana kwamba siri imefichuka, kumbe askofu alikuwa ameizungumzia hadharani tangu mwaka 180 hivi. Anayeficha kitu hakitangazi jina lake.

Nataka nikae kidogo kwa askofu mwingine, kwa sababu ndiye anayejibu swali lako kuliko mimi. Anaitwa Serapioni, wa Antiokia, mwishoni mwa karne ya 2. Alikwenda kulitembelea kanisa la Rhossus, mji wa pwani katika eneo lake, akakuta waumini wanazozana juu ya kitabu kiitwacho Injili ya Petro. Hakuwa amekisoma. Akawaambia kama ugomvi ni huo tu, basi kisomwe. Aliporudi kwake akasikia kwamba waliokileta wana mafundisho yao, wanasema Kristo alionekana tu kama ana mwili. Serapioni akaomba nakala kwa watu hao hao wanaokitumia. Akaisoma. Kisha akaandika, na maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale: sehemu kubwa ya kitabu inapatana na mafundisho ya kweli, lakini kuna nyongeza, nasi tunampokea Petro na mitume wengine kama tunavyompokea Kristo, ila maandiko yanayobandikwa majina yao kwa uongo tunayakataa, maana hatukuyapokea kwa waliotutangulia.

Angalia mwenendo wake. Aliruhusu, akasoma, akapima, akakataa, na akataja sababu. Hakuchoma kitu. Hata alichokikuta kizuri ndani yake alikikiri.

Kipande kikubwa cha Injili hiyo kilifukuliwa Akhmim, Misri, majira ya baridi ya 1886 na 1887. Nilipokuwa nafundisha chuo cha Biblia nilikuwa nakisoma darasani kwa sauti, pale kwenye ufufuko. Usiku, mbele ya askari na wazee wa Wayahudi, watu watatu wanatoka kaburini, wawili wakimshikilia mmoja. Vichwa vya wale wawili vinafika mbinguni, cha yule wa katikati kinapita mbingu. Nyuma yao msalaba unatembea. Sauti inauliza kutoka juu kama amewahubiria waliolala, na msalaba unajibu: Ndiyo. Halafu nasoma Marko 16:1-8. Mwaka mmoja mwanafunzi kutoka Dodoma akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, kwa Marko hakuna aliyeuona ufufuko wenyewe. Wanawake wamekuta jiwe limeondolewa na wameogopa. Huku kila mtu ameona, mpaka adui." Yule kijana aligusa penyewe. Anayetaka kushinda mabishano hujaza mashahidi. Injili zetu nne zimethubutu kutuachia kaburi tupu na wanawake wanaotetemeka, katika dunia ambayo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa.

Na si kwamba walikataa tu vitabu vya wapinzani wao. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale wa Afrika Kaskazini, anasimulia kuhusu mzee wa kanisa mmoja huko Asia aliyetunga Matendo ya Paulo, kitabu chenye habari za Thekla, mwanamke anayemfuata Paulo. Alipobanwa akakiri kwamba alikitunga kwa kumpenda Paulo. Wakamwondoa katika cheo chake. Nia ilikuwa njema, lakini alikuwa ameweka maneno yake kinywani mwa mtume. Hili si jambo dogo. Paulo mwenyewe aliwaonya Wathesalonike wasifadhaishwe na "waraka unaodhaniwa kuwa ni wetu", 2 Wathesalonike 2:2. Ina maana watu walikwisha kuanza kumghushi angali hai.

Injili ya Tomaso ni kitabu kingine kabisa, usiichanganye na ile ya Utoto kwa sababu ya jina. Nakala yake kamili, kwa Kikoptiki (lugha ya Wakristo wa Misri ya kale), ilipatikana karibu na Nag Hammadi, Misri ya juu, mwaka 1945, ndani ya mtungi, pamoja na vitabu vingine vya ngozi na mafunjo. Ina misemo 114. Baadhi utaitambua mara moja: punje ya haradali, heri maskini, mpanzi. Wataalamu wanabishana ni ya lini, na sioni ubaya kukubali kwamba misemo kadhaa humo huenda ni ya kale kweli. Lakini isome yote ukitafuta msalaba. Hakuna habari ya kufa kwake wala ya kufufuka. Wokovu wake ni kufumbua maana ya maneno ya siri. Halafu fika msemo wa mwisho, wa 114. Simoni Petro anasema Mariamu aondoke kati yao, kwa kuwa wanawake hawastahili uzima. Naye Yesu wa kitabu hicho anajibu kwamba atamwongoza ili amfanye mwanamume, kwa kuwa mwanamke atakayejifanya mwanamume ataingia katika ufalme. Wewe mama unayelea watoto wa Kanisa kila Jumapili, pima maneno hayo na yale ya Bwana kwa mwanamke Msamaria kisimani, au Mariamu Magdalene kutumwa kwa mitume asubuhi ya Pasaka. Nakuachia.

Henoko. Hapa shemeji yako ana hoja nzuri kidogo, tumpe haki yake. Kitabu ni cha kale kweli. Sehemu zake ziliandikwa kabla ya Kristo, na vipande vyake kwa Kiaramu vimepatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Yuda 14 na 15 inanukuu maneno yake. Lakini hakuna aliyekificha. Kanisa la Othodoksi la Ethiopia limekihifadhi kizima kwa Kige'ez, lugha yake ya kale ya ibada, na linacho katika Biblia yake hadi leo. Ni Ulaya ndiko kilikopotea, mpaka Mskoti James Bruce aliporudi na nakala kutoka Ethiopia mwaka 1773. Anayesema "wametuficha Waafrika" amegeuza habari: ni Waafrika ndio waliokitunza.

Na kunukuliwa hakukifanyi kitabu kuwa Maandiko. Paulo pale Athene alinukuu watunga mashairi wa Kiyunani, Matendo 17:28. Katika Tito 1:12 amenukuu mtu wa Krete na kumwita nabii wao. Hatujawahi kusoma mashairi hayo madhabahuni. Yuda alichukua neno la kweli akalitumia. Hakutukabidhi kitabu kizima na safari zake za mbinguni na majina ya malaika. Wala si Henoko wa Mwanzo 5 aliyekiandika. Kinatufaa sana kujua Wayahudi wa siku zile waliwaza nini juu ya malaika na hukumu.

Najua mume wako anaweza kuwa Mkatoliki, kama ilivyo kwa wengi Morogoro, kwa hiyo niseme hili haraka: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo si kundi hili. Wakatoliki wanavihesabu ni Maandiko, na Mtaguso wa Trento ulithibitisha hivyo mwaka 1546. Luther aliviweka katika Biblia yake ya 1534 kati ya maagano mawili, akasema si sawa na Maandiko Matakatifu lakini ni vizuri kuvisoma. Sisi Walutheri tusivitukane.

Basi usivifute. Visome ukiwa mtu mzima mwenye Injili nne kichwani, kama ushahidi wa yale watu wa kale waliyoyawaza na kuyatamani. Imani yako usiiweke humo. Darasani kwa watoto visiingie.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mchungaji. Huku Mombasa kwenye mihadhara tunaambiwa Injili ya Barnaba ndiyo Injili halisi, na kwamba papa aliipiga marufuku kabla ya Muhammad. Tunajibuje? — Kijana wa uinjilisti

JIBU: Amina. Kwanza jibuni kwa adabu, maana anayeuliza mara nyingi ameambiwa tu na yeye.

Barnaba ziko tatu katika mabishano hayo, na watu wanazichanganya. Uko Waraka wa Barnaba, wa kale kweli, umo hata katika nakala ya Biblia ya karne ya 4 iitwayo Sinaiticus. Huo si Injili na haufundishi yale mnayoambiwa. Iko Injili ya Barnaba iliyotajwa kwa jina tu katika orodha ya kale ya vitabu vilivyokataliwa, inayohusishwa na Papa Gelasio. Maandishi yake hayapo, hakuna ajuaye ilisema nini. Na iko hii inayouzwa, ambayo nakala yake ya Kiitalia imehifadhiwa Vienna na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1907. Hoja ya mihadhara huchukua jina la ile ya pili na kulivisha hii ya tatu.

Hii ya tatu inajieleza umri wake yenyewe. Katika sura ya 20 Yesu anapanda chombo katika Bahari ya Galilaya na kusafiri kwa maji mpaka Nazareti, mji ulio vilimani mbali na ziwa. Katika sura ya 3 Pilato ni liwali wakati Yesu anazaliwa, ilhali Pilato alitawala Uyahudi mwaka 26 hadi 36. Mwenyeji wa nchi ile asingeandika hivyo.

Kubwa zaidi ni sura ya 82. Inasema mwaka wa yubile sasa huja kila miaka 100. Torati, Walawi 25, inasema 50. Yubile ya miaka 100 ilitangazwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300, na Papa Klementi VI akairudisha kuwa 50 mwaka 1343. Mwandishi aliyeyajua hayo aliishi baada ya mwaka 1300. Mwombeni ndugu mnayezungumza naye afungue sura hiyo mwenyewe, katika nakala yake, aisome kwa sauti, halafu mfungue Walawi pamoja.