Lita 10,600 za fundi zimekwenda wapi?

SWALI: Fundi amenijengea tangi la mviringo la maji ya mvua, kwa mawe ya volkano. Alizungusha utepe kwa nje akapata mita 8.17, kimo cha ndani mita 2, akasema linabeba lita 10,600. Ukuta pamoja na lipu una unene wa sentimita 40. Bomba la kumwagia ziada liko sentimita 15 chini ya ukingo, robine iko sentimita 10 juu ya sakafu. Tangi lilijaa hadi likamwaga, lakini tulichota bidoni 222 tu za lita 20. Nani kanywa maji yangu?
*Msomaji, Ndosho, Goma*

JIBU: Hakuna aliyeyanywa, hayakuwahi kuingia. Kanuni ya fundi ni sahihi, ila alipima mawe badala ya maji. Gawa 8.17 kwa pai (3.1416): kipenyo cha nje ni mita 2.60. Sasa toa ukuta, tena mara mbili, kwa sababu uko pande zote mbili: 2.60 − 0.80 = 1.80. Nusu kipenyo ni 0.90. Eneo la sakafu ni 3.1416 × 0.90 × 0.90, yaani mita za mraba 2.545. Zidisha kwa kimo cha 2, unapata mita za ujazo 5.09, sawa na lita 5,090. Nusu ya ahadi haipo hata kabla ya kufungua robine.

Maji hayapandi juu ya bomba la ziada, wala yaliyo chini ya robine hayatoki. Kimo chenye faida ni mita 1.75: 2.545 × 1.75 = 4.45, yaani lita 4,450 hivi. Hizo ndizo bidoni zenu 222. Mmehesabu vizuri.

Safari nyingine pima ndani, lipu ikishakauka. Utepe usiopita katikati husoma pungufu, basi shikilia ncha moja, telezesha nyingine ukutani, uchukue kipimo kirefu kuliko vyote. Rudia pande tatu nne, maana mawe yetu hayatoi duara kamili. Kosa la sentimita 5 kwenye kipenyo hicho hubadili ujazo kwa asilimia 5.6 hivi, kwenye kimo, asilimia 2.5 tu. Na ukichonga fimbo yenye alama, kila sentimita ya maji ni lita 25 na kidogo.

SWALI: Rundo la mchanga lina mzingo wa mita 9.42 chini, na kutoka ukingoni hadi kileleni nimepima mita 1.75. Muuzaji anadai ni mita za ujazo 4.
*Msomaji, Majengo, Goma*

JIBU: Umepima mteremko, na muuzaji kaufanya kimo. Nusu kipenyo ni 1.50. Kimo ni kipeuo cha pili cha (1.75 × 1.75 − 1.50 × 1.50), yaani 0.90. Koni ni theluthi moja ya silinda: 3.1416 × 2.25 × 0.90 ÷ 3 = 2.12. Lipa mita 2, si 4. Tena shika mchanga mkononi: ukiwa na unyevu kidogo huvimba, na ukikauka rundo hilohilo hupungua.